1.8 ya Kamera Gani?

Kuna sentensi moja nimeichoka: "Mashine haidanganyi." Utaisikia kwenye foleni ya maabara. Utaisikia kwa karani anayekutajia bei ya skani, na hata kwa mtu mwenye digrii tatu. Daktari akikutazama ukitembea, akaukunja mkono wako, akakuambia ugonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, unatoka ukinung'unika kwamba amekula pesa yako bure. Lakini ukitoka na karatasi yenye picha ya rangi na namba, hapo ndipo unaona umetibiwa. Namba kwetu ni kama hati ya shamba: ikishapigwa muhuri, kesi imeisha. Na ajabu ni kwamba sisi ndio tunaojua kuliko wengine wote jinsi hati ya shamba inavyoweza kuwa feki.

Nitachukua namba moja tu. Inatoka kwenye moyo lakini hutumiwa kuhukumu ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kama wa ubongo. Kwenye ripoti huandikwa H/M. Inaweza kuwa 1.4, inaweza kuwa 1.8, inaweza kuwa 2.9, na familia inaweza kulia au kushukuru Mungu kwa sababu ya hicho kitu kilicho nyuma ya nukta.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. James Parkinson alikuwa daktari wa mtaa wa Hoxton, London. Mwaka 1817 aliandika kijitabu kuhusu watu sita wanaotetemeka, wanaoinama mbele, ambao hatua zao zimekuwa fupi na za haraka kana kwamba wanaufukuza mwili wao wenyewe. Baadhi ya hao sita hakuwahi hata kuwapima. Aliwaona tu barabarani. Hakuwa na mashine. Alikuwa na macho na subira, na maelezo yake bado yanasimama miaka 200 baadaye.

Leo tunajua zaidi. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa, na ndani ya seli zilizobaki hujikusanya protini inayoitwa alfa-sinukleini. Lakini shida haikai ubongoni peke yake. Mtu anaweza kupoteza uwezo wa kunusa miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Anaweza kufunga choo, au presha ikashuka kila akisimama mpaka anaona giza. Na neva za moyo wake zinaweza kunyauka.

Hizo neva ndizo zinatuhusu hapa. Fikiria umetandaza soksi zako pale mjini, halafu ghafla unaona gari la kanjo linapunguza mwendo. Moyo unaruka kabla hujafikiri lolote. Ujumbe huo umebebwa na neva za simpathetiki, ambazo ncha zake humwaga kemikali ya noradrenalini kwenye misuli ya moyo. Kanjo wakipita, ncha zilezile huokota noradrenalini iliyobaki na kuiweka akiba. Hakuna kupoteza.

Mwaka 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, akiwemo Donald Wieland, walichapisha habari za kemikali inayofanana na noradrenalini kiasi cha kuidanganya neva. Inaitwa MIBG. Wao walikuwa wanataka kuona tezi zilizo juu ya figo, lakini ikagundulika kwamba neva za moyo nazo huiokota. Ukiifunga na iodini-123, ambayo hutoa miale ya gama, unaweza kukaa nje ya kifua na kamera ukaona nani ameokota na nani hajaokota. Moyo wenye neva nzima unang'aa. Moyo ambao neva zake zimekufa hauonekani kabisa: unaona mapafu yakiwa hafifu, ini likiwaka, na pale moyo ulipaswa kuwa, shimo.

Siwezi kusema kwamba hilo si jambo kubwa. Ni kubwa. Mwaka 1997 David Goldstein na wenzake wa NIH ya Marekani walionyesha, kwa kemikali nyingine ya aina hiyo, kwamba neva za moyo hupotea kwa baadhi ya wagonjwa wa Parkinson. Japani, Satoshi Orimo na wenzake walichunguza mioyo ya waliofariki na kukuta nyuzi za neva kweli zimekwisha. Kuna ugonjwa mwingine wa ubongo unaofanana sana na Parkinson mwanzoni, ambao huharibu mwili mzima kwa kasi zaidi na haujali sana levodopa, lakini neva za moyo kwa kawaida hubaki. Kwa hiyo picha ya moyo inaweza kutenganisha mapacha hawa pale macho yanaposhindwa. Japani bima ya afya ya taifa inalipia kipimo hiki kwa Parkinson tangu 2012. Na macho hushindwa, tusidanganyane: utafiti uliojumlisha tafiti nyingi na kuchapishwa 2016 ulikuta kwamba ukilinganisha jina la ugonjwa alilotoa daktari na kile kilichoonekana ubongoni baada ya mtu kufa, madaktari hupatia kama mara 80 kwa 100. Mmoja kati ya watano amepewa jina lisilo lake.

Basi shahidi wa pili anahitajika. Ugomvi wangu ni kwamba huyu shahidi tumempa kiti cha jaji kabla ya kumuuliza alikuwa amesimama wapi.

Namba ya H/M hupatikana hivi. Mtaalamu anachukua picha ya kifua kutoka mbele. Anachora duara juu ya moyo. Anachora kisanduku kingine katikati ya kifua, juu, kati ya mapafu mawili, mahali ambapo hatarajii neva za moyo. Anapata wastani wa mwanga ndani ya kila eneo, kisha anagawa wa moyo kwa ule wa kifua. Wakilingana, jibu ni 1. Moyo ukiwaka mara tatu zaidi, jibu ni 3. Hesabu ya darasa la tano. Ndiyo maana inavutia.

Lakini mbele ya kamera ya gama kuna bamba zito la risasi lililotobolewa matundu mengi madogo kama sega la nyuki. Linaitwa kolimeta. Kazi yake ni kuruhusu miale inayokuja moja kwa moja tu, na kuzuia ile inayokuja kwa upande, la sivyo picha nzima ingekuwa ukungu. Kuna kolimeta zenye kuta nyembamba za miale ya nishati ndogo, na zenye kuta nene za miale ya nishati ya kati. Iodini-123 kwa sehemu kubwa hutoa mwale wa nishati ndogo, keV 159, kwa hiyo hospitali nyingi hutumia kolimeta nyembamba, ambayo tayari iko kwenye kamera kwa kazi nyingine. Shida ni kwamba iodini hiyohiyo hutoa pia miale michache sana yenye nguvu nyingi, mikubwa ikiwa keV 529. Ni michache lakini haina adabu. Inapenya kuta nyembamba za risasi kama mtu anayeruka foleni, inatoka kwenye ini, inatoka kwenye mapafu, inaangukia popote kwenye picha.

Uone inafanya nini kwa hesabu yetu. Sema moyo una mwanga 300 na kifua 100. Jibu ni 3. Sasa mwagia ukungu wa 100 kila mahali. Moyo unakuwa 400, kifua 200. Jibu ni 2. Mgonjwa hajabadilika. Neva zake ni zilezile, damu ni ileile, asubuhi ni ileile. Kilichobadilika ni bamba la risasi.

Hili si jambo nililolitunga kwa ubishi. Kenichi Nakajima na wenzake wa Kanazawa, Japani, walitengeneza kifua bandia cha plastiki, wakakijaza iodini-123 kwa viwango wanavyovijua, wakakipitisha kwenye kamera za hospitali nyingi. Kifua kimoja, majibu tofauti. Kutokana na hapo kila kamera na kolimeta yake ikapewa kipimo chake cha kurekebisha: za nishati ndogo huwa karibu na 0.55, za nishati ya kati karibu na 0.88. Kanuni ni rahisi. Toa 1 kwenye namba yako, zidisha kwa 0.88, gawa kwa kipimo cha kamera yako, kisha rudisha ile 1.

Hebu tuijaribu na 1.8. Kama imetoka kwa kolimeta nene ya 0.88, inabaki 1.8. Kama imetoka kwa kolimeta nyembamba ya 0.55, inakuwa 2.28. Mpaka wa chini unaotumika sana Japani baada ya marekebisho, kwa picha ya kuchelewa, ni 2.2. Chini yake neva zimepungua, juu yake ni sawa. Kwa hiyo 1.8 moja inasema mtu ana hitilafu, na 1.8 nyingine inasema hana. Nukta ni ileile na tarakimu ni zilezile.

Mwaka jana rafiki yangu alinitumia picha ya ripoti ya mamake. Familia ilikuwa imechanga, wakatuma paybill kwenye kila grupu unaloweza kufikiria, mama akapelekwa hospitali moja nje ya nchi ambayo sitaitaja. Alirudi na faili nene kama Biblia. Kwenye ukurasa wa moyo kulikuwa na mistari miwili: H/M ya kuchelewa 1.8, imepungua, inaafikiana na Parkinson. Basi. Kolimeta haikutajwa. Dawa anazotumia hazikutajwa. Muda kati ya sindano na picha haukutajwa. Kakake rafiki yangu, ambaye yuko Kitengela na ndiye aliyelipia tiketi, alikuwa ameshaandika kwenye grupu la familia: "Mum ana Parkinson. Mashine imesema. Tuanze kupanga."

Nilimwuliza rafiki yangu, mamako anatumia dawa gani? Akaniandikia: ya sukari, ya presha, na amitriptilini ya usiku kwa ajili ya miguu inayochoma.

Tusimame hapo kidogo.

Sukari ya miaka mingi huharibu neva. Ndiyo inayofanya miguu ichome, na haibagui: hula neva za miguuni na neva za moyoni vilevile. Moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri nao hupoteza MIBG, na kwa kweli utafiti mkubwa wa namba hii katika nchi za Magharibi, uliochapishwa 2010 ukiwa na wagonjwa 961, haukuwa wa Parkinson hata kidogo. Ulikuwa wa watu wenye moyo dhaifu, na mpaka waliotumia ulikuwa 1.60. Amitriptilini nayo iko katika kundi la dawa zinazoziba mlango uleule ambao MIBG huingilia kwenye ncha ya neva. Mlango ukizibwa, moyo hauwaki hata kama neva ni nzima. Orodha ya dawa za namna hiyo inajulikana: labetaloli imo, reserpini imo, kokeni pia imo kwa wale mnaojijua. Kabla ya picha, mgonjwa anapaswa kuulizwa na daktari aamue ipi isimamishwe na kwa muda gani. (Na ni daktari, si wewe. Usiende nyumbani ukatupa vidonge vya mzazi kwa sababu umesoma insha.)

Kwa hiyo mama huyu alikuwa na kolimeta isiyojulikana, sukari inayojulikana na dawa inayoziba mlango. Picha yake inaweza kweli kusema kwamba MIBG haikuingia moyoni vya kutosha. Haiwezi kusema nani aliyeizuia. Rafiki yangu aliandikia ile hospitali akiuliza kolimeta ilikuwa ipi. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: matokeo ni kama yalivyo kwenye ripoti. Adabu tupu.

Alipelekwa baadaye kwa daktari wa neva hapa Nairobi, mzee mmoja mpole ambaye alimwita "mama" kila baada ya sentensi mbili. Hakuanza na faili. Alimwambia atembee koridoni na kurudi, akamkunja viwiko, akamwuliza anapikaje, analalaje, anasikia harufu ya kitunguu kikikaangwa? Kisha akaomba aone mkoba wake, si orodha, mkoba wenyewe. Mle ndani kulikuwa na metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, ambayo mama alikuwa akinunua kwa duka la dawa la mtaani kwa miezi kadhaa kwa sababu tumbo lilikuwa linamsumbua. Hakuiona kama dawa ya kutajwa. Dawa hiyo huzuia dopamini na inaweza kumfanya mtu atetemeke na akakamae kama mwenye Parkinson kabisa. Daktari aliisimamisha, akasema watangoja miezi kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa wa maisha. Hadi ninapoandika, mkono wa kushoto umetulia. Wa kulia bado.

Huenda akawa na Parkinson mwishowe, na dawa ilikuwa imeufichua mapema tu. Hilo litajulikana kwa muda. Ninachosema ni kwamba ile 1.8 haikuwa na haki ya kumaliza mazungumzo, na iliyamaliza, kwa kakake rafiki yangu, kwa sekunde tano.

Rudi kwenye kuchora duara, maana hapo pana kichekesho kichungu. Duara la moyo linachorwa na mtu. Kwa mtu mwenye afya moyo unaonekana, unafuata ukingo wake, hakuna shida. Kwa mgonjwa ambaye neva zimekwisha, moyo hauonekani. Utachora wapi? Unakadiria. Unaangalia ini, unaangalia mapafu, unasema moyo lazima uko hapa. Ukiteleza kidogo chini, unakula mwanga wa ini na namba inapanda. Yaani kadiri mgonjwa anavyoumwa zaidi, ndivyo mpimaji anavyobahatisha zaidi mahali pa kumpimia. Kile kisanduku cha juu nacho kina mitego yake: ukikipeleka juu sana unagusa tezi ya shingo, ambayo hupenda iodini, kifua kinaonekana kimewaka na uwiano unashuka bila sababu. Wajapani walishaona hili na wakaandika programu ambayo mtu anaonyesha tu kitovu cha moyo, halafu kompyuta inaweka kisanduku cha kifua yenyewe kwa kanuni moja kila mara. Hapo watu wawili wanaweza kupima picha moja wakapata jibu linalokaribiana. Bila kanuni kama hiyo, unapima mkono wa mchoraji.

Na saa. Picha ya kwanza hupigwa dakika 15 hadi 30 baada ya sindano, ya pili baada ya saa 3 au 4. Hazisemi kitu kimoja. Ya kwanza inaonyesha zaidi nani ameokota, ya pili nani ameweza kutunza. Mwanzoni mwa ugonjwa ya kwanza inaweza kukaribia ya kawaida wakati ya pili imeshashuka. Sasa mtu anakuandikia H/M bila kusema ni ipi! Kisha kuna namba ya tatu, ya kiasi kilichovuja kati ya picha hizo mbili, na hiyo ndiyo fujo kabisa. Iodini-123 hupungua yenyewe kwa nusu kila saa 13 hivi. Ukikaa karibu saa 4 kati ya picha, karibu sehemu moja ya tano ya mwanga imepotea kwa sababu ya fizikia tu, hata kama moyo umetunza kila chembe. Wako wanaorekebisha upungufu huo na wako wasiorekebisha. Wako wanaotoa mwanga wa nyuma kwanza na wako wasioutoa. Wote huandika asilimia, na asilimia hizo hukutana kwenye jedwali moja la utafiti kana kwamba ni ndugu.

Hapo ndipo hasira yangu inahama kutoka hospitali kwenda kwa wasomi. Kwa miaka mingi makala zimechapishwa zikitangaza mpaka wa hapa na mpaka wa pale, kila kituo na wake, halafu anakuja mtu mwingine anazijumlisha zote kwenye makala moja na kutoa asilimia nzuri ya usahihi. Umechanganya vikombe na ndoo ukasema umepima maji. Mizani ya muuza nyama wa mtaa wako sheria inataka ikaguliwe na kupigwa muhuri. Mtu akikupunja gramu 50 za matumbo una mahali pa kushtaki. Namba inayoweza kumfanya mtu aache kazi, auze ploti, aanze dawa za maisha, hiyo inasafiri dunia nzima bila muhuri.

Najua jibu. "Sasa unataka tufanye nini, turudi kwa kutazama watu barabarani kama 1817?" Mbona iwe hivyo? Aliyetengeneza kifua bandia hakuwa adui wa mashine. Alikuwa mpenzi wake wa kweli, ndiye aliyejisumbua kuuliza inakosea kiasi gani. Wazungu nao walifuata, wakapitisha kifua bandia kwenye kamera zao. Kazi imeshafanyika na kanuni ipo. Inahitaji kipande cha plastiki, asubuhi moja, na mtu asiyejiona mkubwa kuliko marekebisho. Uvivu ndio unaobaki, na biashara, maana ripoti yenye mashaka yaliyoandikwa wazi haiuziki kama ripoti yenye namba moja na sentensi moja.

Kuna jibu la pili, la busara zaidi: kwamba kwa wagonjwa wengi tofauti ni kubwa sana hivi kwamba kolimeta haijalishi. Moyo umezimika kabisa au unawaka kabisa, mtoto mdogo ataona. Kweli. Ukiwa na 1.2, hakuna bamba la risasi litakalokuokoa: hata kwa kolimeta nyembamba ikirekebishwa inakuwa 1.32. Ukiwa na 3.1 pia uko salama upande wako. Lakini ni nani anayehitaji picha? Mzee anayetetemeka mkono mmoja, amekakamaa, anatembea hatua fupi, na levodopa imemwamsha kama mtu aliyewashiwa stima, huyo hahitaji kamera. Picha hutafutwa kwa wale wa katikati, wenye dalili nusu na historia iliyochanganyika, na namba zao ndizo zinazoangukia pale pale mpakani. Kipimo ambacho ni imara kwa wasiokihitaji na kinayumba kwa wanaokihitaji hakifai kusifiwa kwa wastani wake.

Na mpaka wenyewe, ile 2.2, ulitokana na miili ya Wajapani wenye afya. Sisemi moyo wa Mluhya una neva za aina nyingine. Nasema miale hutawanyika tofauti kwenye kifua kinene na chembamba, na mtu anayetaka kuleta kipimo hiki huku kwetu aanze kwa kuwapiga picha watu wazima wa huku wasio na ugonjwa, kwa kamera yake, kabla hajamhukumu mgonjwa hata mmoja. Iodini yenyewe inatengenezwa kwa saiklotroni na kila saa 13 nusu imekwenda. Kama ndege imechelewa na mzigo umelala uwanjani, unachodunga kimeshapungua nusu. Hayo ni ya kupangwa mapema, si ya kuombewa.

Jambo moja hunichekesha kila nikilikumbuka. Mwaka 2015 chama cha kimataifa cha wataalamu wa magonjwa ya mwendo kilitoa vigezo vya kutambua Parkinson. Msingi wake ni mwendo: kupungua kwa kasi, pamoja na kutetemeka ukiwa umetulia au kukakamaa. Yaani macho na mikono ya daktari. Kisha kuna vigezo vichache vya kuunga mkono, na kimoja kinasema hivi kwa maana: mgonjwa awe amepoteza uwezo wa kunusa, au awe na upungufu wa neva za moyo kwenye picha ya MIBG. Au! Kwenye mizani ya wataalamu wenyewe, ile safari ya ndege, harambee, sindano ya iodini na saa 4 za kungoja zina uzito sawa na kumpa mtu kahawa anuse. Na vigezo hivyo havisemi popote kwamba picha nzuri ya moyo inamwondolea mtu Parkinson. Wapo wagonjwa, hasa mapema, na hasa wale wa aina fulani ya kurithi iitwayo PARK2, ambao moyo wao huwaka vizuri tu.

Nasema haya kwa vijana kwa sababu sisi ndio tunaolipa na sisi ndio tunaoguugo. Mzazi anaanza kutetemeka, na usiku uleule mtoto wa miaka 27 yuko kwenye simu akitafuta skani bora duniani. Wengine wameanza kujiuliza kama nao wapimwe, kwa vile neva za moyo zinaweza kuanza kufa kabla ya dalili. Zinaweza, ndiyo. Lakini hakuna dawa iliyothibitishwa leo ya kuusimamisha ugonjwa huu, na unaweza kujinunulia miaka ishirini ya woga kwa sababu ya ukungu wa miale kwenye bamba la risasi.

Kama ni lazima picha ipigwe, na wakati mwingine ni lazima, basi kabla ya kutuma hela ya kwanza uliza mambo haya kwa barua, sio kwa simu: kolimeta ni ipi, na kamera hiyo imewahi kupimwa kwa kifua bandia? Namba mtakayotupa imerekebishwa au ni ghafi? Ni ya mapema au ya kuchelewa, baada ya saa ngapi? Nani anachora, kwa programu gani? Mpaka wenu umetoka kwa watu gani? Na tafadhali angalieni dawa zake zote kwanza, pamoja na zile za mkobani. Atakayekasirika kwa kuulizwa hivyo amekupunguzia gharama. Atakayejibu, mpe kazi. Na ripoti ikija bila kolimeta kuandikwa, usiipeleke kwenye grupu la familia. Irudishwe ilikotoka ikaandikwe.